Modeli ya Hodhi la Jotoardhi Inapogombana na Kemia ya Visima: Dalili, Visababishi na Tiba

Joto la visima limekubaliana na modeli. Shinikizo nalo limekubaliana. Kisha mtu wa kemia anakuletea jedwali la kloridi, silika na gesi za miaka yote, unaziingiza, na modeli iliyokuwa imetulia inaanza kutoa majibu ya ajabu. Malalamiko ya namna hii yanajirudia mno, kuanzia maeneo ya jotoardhi ya Olkaria na Menengai nchini Kenya hadi kwa wanaoanza utafiti upande wa Mbeya, Tanzania, na mengi yana chanzo kimoja: namba iliyotoka maabara si namba inayofaa kuingia kwenye modeli. Sampuli imechukuliwa juu ya ardhi baada ya maji kuchemka, kupoa na kupoteza gesi. Modeli inahesabu mambo ya kilomita moja au mbili chini, ndani ya hodhi lenyewe, yaani mwamba uliojaa maji moto na mvuke. Kati ya hapo na pale kuna hesabu, na hesabu hiyo ndiyo inayokosewa.

Kwa nini tujisumbue na kemia basi? Modeli ya kisima kwa kisima ya Olkaria Mashariki iliyochapishwa na Bodvarsson, Pruess na wenzao mwaka 1987 ililinganishwa na mtiririko na enthalpi (nishati ya joto iliyomo katika kila kilo inayotoka) za visima. Hayo bado ndiyo msingi wa kazi. Lakini modeli ya hali asilia, ile unayoiacha itembee mamia ya maelfu ya miaka hadi itulie, haijali porositi, yaani sehemu ya mwamba iliyo wazi kwa maji: weka asilimia 5 au 15, joto la mwisho litakuwa lile lile. Kloridi inajali. Haiingii kwenye madini wala kwenye mvuke kwa urahisi, inafuata maji yanakokwenda, na muda inaochukua kufika unategemea nafasi iliyopo mwambani. Kemia inakueleza kitu ambacho kipimajoto hakiwezi kukueleza.

Visababishi chini ya kila dalili vinaanza na kile kinachokutwa mara nyingi zaidi. Usiruke kwenda kubadili upenyezaji, yaani urahisi wa maji na mvuke kupita mwambani. Upenyezaji ukibadilishwa vya kutosha unaweza kukubaliana na data yoyote, hata data mbovu, na hapo umejipatia modeli iliyosawazishwa juu ya kosa.

Kabla ya kugusa modeli

Anza na mizania ya chaji. Jumlisha chaji chanya na hasi za uchambuzi wa maji; zikipishana zaidi ya asilimia 5 uliza maabara, zikipishana zaidi ya 10 omba sampuli nyingine. Tahadhari moja kwa maji ya Olkaria: yakifika juu mara nyingi yana pH ya 9 na zaidi, na kwenye pH hiyo sehemu ya silika inabeba chaji hasi. Jedwali lisiloihesabu litakuonyesha uchambuzi mzuri kana kwamba ni mbovu.

Kisha vizio. Gesi huandikwa milimoli kwa moli 100 za maji, ilhali programu ya modeli inataka sehemu ya uzito. Milimoli 100 za CO₂ kwa moli 100 za mvuke ni takriban asilimia 0.24 ya uzito. Ukiona modeli yako ina asilimia 10 ya CO₂ kwenye mvuke wa kisima cha kawaida, usitafute maelezo ya kijiolojia.

Shinikizo la kuchukulia sampuli nalo liandikwe. Gesi karibu zote huhamia kwenye mvuke, kwa hiyo mvuke ukiwa kidogo gesi yake inakolea, ukiwa mwingi gesi inasambaa. Maji ya nyuzi 250 yakitenganishwa kwenye baa 10 hutoa mvuke wa asilimia 16 hivi. Yakitenganishwa kwenye baa 5 hutoa asilimia 21. Kisima ni kile kile, siku ni ile ile, ila namba za gesi zinapishana kwa karibu theluthi. Nimeona grafu za "kupanda kwa gesi" ambazo hazikuwa na lolote isipokuwa mabadiliko ya separeta, mtungi unaotenganisha mvuke na maji.

Angalia pia kama hewa imeingia kwenye chupa. Oksijeni ndani ya gesi ya kisima kirefu haina kazi huko. Uwiano wa naitrojeni kwa agoni ukikaribia 84 ni hewa tupu. Maji ya mvua yaliyojaa hewa huwa karibu na 38. Na mwisho, enthalpi unayotumia iwe ya siku ya sampuli, si ya jaribio la mwaka juzi.

Ikibidi kurudi kisimani kuchukua sampuli upya, acha kama huna kipimo cha H₂S mkononi na mwenzako karibu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama kwenye shimo la kichwa cha kisima na kando ya sailensa (chombo cha kupunguza kelele mvuke unapotolewa hewani) wakati wa asubuhi isiyo na upepo. Harufu ya mayai viza ikipotea ghafla, usidhani gesi imekwisha: ikifika sehemu 100 hivi katika milioni, pua hufa ganzi. Ondoka kuelekea upepo unakotoka. Vali za kichwa cha kisima si zako. Mwite fundi wa kupima visima hata kama ni robo mzunguko tu. Na chupa ya gesi yenye sodiamu haidroksaidi usiitie asidi mahali pengine popote isipokuwa kwenye kabati la kuvuta hewa la maabara, kwa sababu H₂S yote iliyonaswa itatoka kwa mkupuo.

Dalili ya 1: "Kloridi ya kisima inashuka, lakini modeli haioni maji baridi yoyote"

Hii ndiyo inayopoteza watu wengi zaidi, kwa hiyo tutakaa hapa.

*Kisababishi cha kwanza, na cha kawaida kuliko vyote: enthalpi imezidi.* Chukua kisima ambacho hodhi lake lina nyuzi 250. Maji ya joto hilo yana enthalpi ya 1,085 kJ/kg. Olkaria iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo kwenye sanduku la kupimia mtiririko, lililo wazi kwa hewa, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, ambapo maji yana 394 na mvuke 2,666. Sehemu iliyogeuka mvuke ni (1,085 − 394) ÷ (2,666 − 394), yaani 0.304. Maabara ikikuletea kloridi ya 800 mg/kg kutoka kwenye sanduku, ndani ya hodhi ilikuwa 800 × 0.696, yaani 557. Mpaka hapa hakuna ugomvi.

Sasa miaka inapita, shinikizo la hodhi linashuka, maji yanaanza kuchemka ndani ya mwamba wenyewe, na kisima kinatoa mchanganyiko wenye enthalpi ya 2,000. Mtu anaweka 2,000 kwenye kanuni ile ile. Sehemu ya mvuke inakuwa 0.707, na kloridi "ya hodhi" inakuwa 234. Kwenye grafu imeporomoka kutoka 557 hadi 234, na mkutano unaanza kuzungumzia maji baridi kutoka juu. Ilhali sandukuni kloridi bado ni 800 kama zamani.

Ukaguzi wake ni mwepesi na hauhitaji programu. Chora kloridi ya sandukuni, bila kuirekebisha, dhidi ya enthalpi ya kisima kwa miaka yote.

Ikiwa enthalpi inapanda na kloridi ya sandukuni imekaa pale pale, mvuke na maji vimeachana njiani: mvuke unakimbilia kisimani, maji yanang'ang'ania kwenye nyufa ndogo za mwamba. Tumia 1,085 kurudisha kloridi ya hodhi, si 2,000. Ikiwa kloridi ya sandukuni inapanda pamoja na enthalpi, mwamba wenyewe unayapa maji joto na kuyachemsha zaidi. Hapo ndipo enthalpi ya kisima inafaa kutumika yote. Mara nyingi utakuta vyote viwili kwa pamoja, na lazima uchague makadirio yaliyo katikati na uyaandike kama makadirio. Ikiwa vyote viwili vinashuka, maji mageni yameingia kweli.

*Kisababishi cha pili: maji mageni kweli.* Mbali na enthalpi kushuka, tazama silika kama inashuka na magnesi kama inapanda. Maji moto ya hodhi huwa na magnesi kidogo sana, kwa hiyo ongezeko dogo tu linaonekana. Isotopu zinasaidia kutambua yametoka wapi: maji ya Ziwa Naivasha yamepitia uvukizi mwingi na isotopu zake ni nzito, tofauti kabisa na mvua ya nyanda za juu. Kwenye kisima kipya, kumbuka kwamba maji ya kuchimbia hutoka ziwani. Sampuli za siku za mwanzo zinaweza kuwa na maji yaliyomwagwa na mtambo, na hayana habari yoyote ya hodhi.

*Kisababishi cha tatu: sampuli imepokea mvuke uliopoa.* Separeta ndogo ikiwa haijasawazishwa, maji yanabeba mvuke au mvuke unabeba maji. Angalia sodiamu kwenye sampuli ya mvuke. Ikionekana, maji yamevuka upande usio wake.

*Kisababishi cha nne: bomba la kisima limetoboka.* Si cha mara nyingi, lakini ndicho cha hatari. Kloridi, joto na shinikizo la kichwa vikianguka kwa pamoja ndani ya siku chache, magnesi ikaruka, acha kusawazisha modeli kabisa. Mpe taarifa mhandisi wa visima siku hiyo hiyo. Bomba lililotoboka karibu na uso wa ardhi linaweza kumwaga maji moto kwenye tabaka za juu na hata kulipua mvuke nje ya kisima.

Marekebisho ya ndani zaidi yanafanyika kwenye modeli baada ya hayo. Linganisha kloridi ya maji ya bloku (kipande cha gridi ya modeli) inayolisha kisima na kloridi iliyorekebishwa, si kloridi ya mtiririko mzima, kwa sababu mtiririko mzima unategemea programu inavyogawa mwendo wa mvuke na wa maji. Mgawanyo huo unatawaliwa na mikunjo ya upenyezaji wa kila hali (maji au mvuke). Mikunjo ya Corey, aina mojawapo, inazuia maji na mvuke kutembea vyote kwa uhuru. Ukiibadilisha na mistari iliyonyooka, enthalpi ya kisima inabadilika bila chumvi ndani ya mwamba kubadilika. Jaribu yote miwili kabla ya kugusa kitu kingine. Kama modeli bado haiwezi kufikia enthalpi ya kisima, gawa kila bloku kuwa nyufa na mwamba mzima kwa njia ya MINC, ili mwamba upate muda wa kuupa ufa joto lake.

Dalili ya 2: "Maji yaliyorudishwa ardhini yanafika mapema mno kwenye modeli"

Maji ya separeta yanayorudishwa yameachwa na mvuke, kwa hiyo kloridi yake imekolea. Ikianza kupanda kwenye kisima cha uzalishaji, ni onyo linalofika kabla ya baridi. Mwamba una joto lake na unaichelewesha baridi. Kwenye mwamba wenye vinyweleo sawasawa na porositi ya asilimia 10, wimbi la kemia husafiri mara 6 hadi 7 ya kasi ya wimbi la baridi. Kwenye mwamba uliopasuka, kama ulivyo mwingi wa Bonde la Ufa, uwiano huo usiutumie kama kalenda.

Kinachosababisha wimbi kufika mapema na likiwa limetanuka, karibu kila mara, ni ukubwa wa bloku. Programu nyingi hutumia thamani za bloku ya juu ya mkondo, na hilo huleta mtawanyiko wa bandia wenye urefu wa takriban nusu bloku. Bloku ya mita 400 ina mtawanyiko wa mita 200 ambao hakuna mwamba ulioutoa. Kama kisima cha kurudishia kiko mita 600 kutoka cha uzalishaji, kati yao umeweka bloku moja na nusu, na kloridi inafika mwaka wa kwanza bila kujali umeweka nini kwenye upenyezaji. Gawa gridi iwe ndogo kati ya visima hivyo viwili tu, endesha tena, uone. Ikiwa muda wa kufika umebadilika sana, punguza zaidi hadi usibadilike. Hapo ndipo uanze kuzungumzia porositi.

Cha pili: umeingiza kemia isiyo sahihi ya maji yanayorudishwa. Maji ya separeta, maji ya kondensa (mvuke uliopozwa ukageuka maji) na maji ya ziwa yana kloridi tofauti kabisa, na kisima kimoja kinaweza kupokea vyote kwa nyakati tofauti. Kloridi ikishuka kisimani baada ya kurudisha maji ya kondensa, bado hayo ni maji yaliyorudishwa. Omba daftari la zamu. Jumla ya mwaka haikutoshi.

Ikiwa tatizo ni kinyume chake, yaani kisimani maji yamefika miezi mingi kabla ya modeli, kuna njia ya ufa ambayo gridi yako haina. Tumia MINC na uipe nafasi ya nyufa ujazo mdogo sana. Na kama ushahidi wako ni jaribio la rangi ya kufuatilia maji, kumbuka kwamba fluoresini huanza kuharibika vibaya joto likizidi nyuzi 250 hivi. Rangi kidogo iliyorudi haimaanishi maji kidogo yamerudi. Kwa maeneo ya joto kali zaidi tumia naftalini salfoneti, zinastahimili.

Dalili ya 3: "Vipimajoto vya kemia vinatoa majibu matatu, nichague kipi?"

Usichague bado. Vipimajoto hivi ni kanuni zinazokadiria joto la hodhi kutokana na kemia ya maji au gesi. Kwanza kagua kama umetumia kanuni sahihi kwa sampuli sahihi. Kanuni ya kwatzi (madini ya silika) ya Fournier ya 1977 iko kwa sura mbili: moja kwa maji yasiyopoteza mvuke, nyingine kwa maji yaliyochemka hadi usoni. Chukua silika ya 700 mg/kg kutoka sandukuni. Ile ya kwanza inakupa nyuzi 285. Ya pili inakupa 251. Hizo nyuzi 34 zilizozidi zimetoka kwenye kanuni, si ardhini. Na kanuni yenyewe imeandikwa kwa joto lisilozidi 250, kwa hiyo jibu la 285 lilikuwa na alama ya hatari tangu mwanzo.

Kisha angalia sampuli ilivyotunzwa. Silika ya 700 kwenye maji ya nyuzi 94 imepita mara mbili ya kiwango ambacho silika isiyo fuwele inaweza kubaki imeyeyuka, karibu 340. pH ya juu inaisaidia kubaki, lakini chupa isiyozimuliwa papo hapo kwa maji safi itapoteza sehemu ya silika kabla haijafika maabara, na kwatzi itakuambia hodhi limepoa.

Sampuli ikiwa safi na bado majibu yanapishana, sasa tofauti ina maana. Kwatzi hubadilika haraka kuliko uwiano wa sodiamu na potasiamu, na uwiano wa potasiamu na magnesi hubadilika haraka kuliko yote. Kwatzi ikiwa chini ya sodiamu-potasiamu, maji yalitoka mahali pa joto zaidi yakapoa au yakachanganyika karibu na kisima. Hiyo ni habari nzuri kwa modeli: unajua upande ambao joto linatoka. Vipimajoto vya gesi vikiwa juu ya vyote, shuku mvuke uliozidi kabla ya kushuku joto.

Kwa chemchemi zisizo na kisima kirefu, kama za Songwe karibu na Mbeya zinazoweka travetini (mwamba wa chokaa), usiweke joto la kemia moja kwa moja kwenye bloku ya chini ya modeli. Maji ya bikaboneti yaliyochanganyika na maji ya juu yanaweza kudanganya vipimajoto vyote vitatu kwa pamoja. Yatumie kama mipaka ya makadirio. Bajeti ya kuchimba ikitegemea namba moja ya chemchemi, simama, mtafute mwanakemia wa jotoardhi aliyezoea maji ya bikaboneti.

Na kosa dogo la upande wa modeli: kisima chenye milango mitatu ya kulisha (mahali maji yanapoingilia kisimani) hakina joto moja. Linganisha na wastani uliopimwa kwa mtiririko wa kila mlango.

Dalili ya 4: "Nimeongeza CO₂, hatua ya muda imeshuka hadi sekunde na programu imekatika"

Hapa mara nyingi ni uandishi wa faili. Kwa TOUGH2 (programu ya kuiga hodhi) yenye EOS2 (moduli yake ya maji na CO₂), bloku ya hali moja inasomwa shinikizo, joto, kisha shinikizo la CO₂. Bloku yenye maji na mvuke inasomwa shinikizo, *kiasi cha mvuke*, kisha shinikizo la CO₂. Ukinakili faili ya EOS1, moduli ya maji pekee, hakiki kwamba kila safu inalingana na hali ya bloku. Fungua faili ya hali ya kuanzia kwa macho yako, tazama safu ya pili.

Kinachofuata ni kuruka ghafla: modeli haikuwa na gesi, leo umeipa baa 10 chini na sifuri juu. Anza na shinikizo dogo la CO₂ kila mahali, liache litulie, kisha ongeza mlisho wa chini hatua kwa hatua. Baada ya hapo tafuta bloku moja inayoruka kati ya maji na mvuke kila hatua. Mara nyingi iko kwenye mpaka wa juu au imebanwa kati ya bloku kubwa mbili. Ukitaka chumvi pamoja na gesi, moduli ya EWASG ndiyo iliyotengenezwa kwa hilo, lakini mpangilio wa safu zake ni mwingine tena.

Usilegeze vigezo vya usahihi wa ukokotoaji ili programu ikubali kumaliza. Itamaliza, na mizania ya uzito itakuwa imevuja.

Dalili ya 5: "Gesi ya modeli haifanani na gesi ya visima"

Hakiki vizio na shinikizo la separeta kwanza, kama ilivyosemwa juu. Baada ya hapo tazama mlisho wa chini. Olkaria Magharibi ina maji ya bikaboneti na CO₂ nyingi, Mashariki ina maji ya kloridi ya sodiamu. Mlisho mmoja wa kemia moja kwa eneo zima hauwezi kutoa pande hizo mbili, haijalishi utazungusha upenyezaji mara ngapi. Weka milisho tofauti.

Kisha historia. Hodhi linapoanza kuchemka, mvuke wa kwanza hubeba gesi nyingi. Maji yanayobaki yamepoteza gesi yake, na miaka ikienda mvuke unakuwa na gesi kidogo. Modeli yenye gesi isiyobadilika kwa miaka yote haichemki mahali inapopaswa.

Ikiwa umebaki na EOS1 kwa ajili ya urahisi, ujue gharama. Maji ya nyuzi 250 huchemka kwenye baa 40 hivi yakiwa safi. Yakiwa na baa 10 za CO₂, yanaanza kuchemka kwenye baa 50, ambayo kwa uzito wa maji ya joto hilo ni karibu mita 130 chini zaidi. Modeli isiyo na gesi itaweka eneo la mvuke mahali pasipo pake, na enthalpi za visima zitakataa kukubaliana bila sababu inayoonekana.

Dalili ya 6: "Modeli inasema kisima kina nguvu, kisima chenyewe kinafifia"

Shinikizo la hodhi likiwa sawa na modeli lakini mtiririko unashuka, tatizo liko ndani ya kisima au mita chache kuzunguka. Kalsiti ndiyo ya kwanza kushukiwa: maji yanapochemka CO₂ inatoroka, pH inapanda, na ukoko wa kalsiti unajishika ukutani mahali mchemko unapoanzia. Kokotoa kiwango chake cha kushiba majini kwa programu za kemia WATCH au PHREEQC kwa joto la hodhi na la sehemu ya mchemko, uone kama maji yanavuka kiwango. Kalsiamu ikipungua kwenye sampuli za mfululizo, inabaki mahali fulani njiani.

Kwenye visima vya kurudishia, silika ndiyo ya kuangalia, hasa maji yanapopoa bombani. Maji baridi ya ziwa nayo hayana usalama: kalsiti huyeyuka kidogo kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo yakipashwa joto chini yanaweza kuacha ukoko.

Usipunguze upenyezaji wa bloku nzima ya mita 300 ili kuiga ukoko wa sentimita chache. Tumia modeli ya kisima, au punguza kigezo cha uzalishaji cha kisima hicho pekee. Kusafisha kisima kwa asidi au kwa mtambo ni kazi ya wahandisi wa visima. Na maji yakiwa na pH chini ya 5 yanapotoka kichwani, sitisha majaribio hadi mtu wa ulikaji wa vyuma aangalie mabomba.

Dalili ya 7: "Modeli mbili zinakubaliana na data ile ile, utabiri wake haufanani"

Si hitilafu ya programu. Joto na shinikizo pekee zinaruhusu majibu mengi. Ondoa kloridi ya miaka ya mwisho kwenye kusawazisha, iache modeli zote mbili ziitabiri, uone ipi inakaribia. Ukitumia iTOUGH2 (programu ya kusawazisha modeli za TOUGH2), mpe kila aina ya data uzito unaolingana na makosa yake: joto la kisima kilichotulia na kloridi iliyorekebishwa kwa enthalpi ya kukisia havistahili uzito mmoja. Tazama pia kama vigezo vimekwenda nje ya mwamba wenyewe, kwa mfano porositi ya asilimia 40 kwenye lava iliyoshikamana.

Zikibaki mbili baada ya hayo, toa zote mbili. Namba za megawati zinapokwenda kwa mkopeshaji au kwenye uamuzi wa kuongeza mtambo, mkaguzi wa nje mwenye uzoefu wa hodhi zilizopasuka apewe faili za kuingizia na data ghafi ya kemia, pamoja na jedwali linaloonyesha enthalpi iliyotumika kwa kila sampuli.